Barafu Isiyongoja Kipupwe: Uhakiki wa Karatasi Moja ya Ufundi

1. Utangulizi

Vitabu vya shule hupitiwa na wahariri kabla ya kufika madarasani, na sheria haziachiwi mfasiri mmoja peke yake. Lakini yapo maandishi mengine ambayo hayana mlezi. Hayo ni karatasi za kurasa mbili tatu zielezazo namna ya kutumia mashine, dawa au chombo fulani, zilizofasiriwa na mtu asiyejulikana, zikanakiliwa tena na tena, na hatimaye zikabandikwa ukutani mwa karakana. Aghalabu sisi tunaoshughulika na istilahi huzipuuza kwa sababu ya udogo wake. Hata hivyo, hizo ndizo zisomwazo na mtu mwenye spana mkononi, na kosa lililomo ndani yake hutendeka siku ile ile lisomwapo.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki karatasi moja ya namna hiyo. Tuliikuta katika karakana moja huko Manyamanyama, mjini Bunda, mkoani Mara, tulipokuwa tukikusanya maneno yatumiwayo na mafundi wa magari. Inahusu namna ya kuzuia barafu isishike ndani ya kabureta za magari ya zamani ambayo injini zake hupozwa kwa hewa. Gari lililokusudiwa hasa ni Volkswagen ya aina ya Beetle, ambayo wengi wameizoea kwa jina la mgongo wa chura.

Gari hilo si geni katika Afrika ya Mashariki. Lilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1954, mwaka 1957 na tena mwaka 1962, na kwa miaka mingi lilikuwa gari la mwalimu, la mganga na la karani. Utengenezaji wake ulikoma nchini Mexico mwaka 2003, baada ya kutolewa magari zaidi ya milioni 21. Yaliyosalia kwetu ni machache, na wenyewe huyatunza kama watu watunzavyo urithi. Kwa hiyo maandishi yanayoyahusu bado yana wasomaji.

Huenda msomaji akauliza: barafu Manyamanyama? Mahali hapo pako karibu na Ziwa Viktoria, na wakazi wake huiona barafu ndani ya friji, au siku inyeshapo mvua ya mawe. Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike. Karatasi yenyewe, kwa maneno iliyoyachagua, humpa msomaji jibu lisilo sahihi, na tulikuta watu wawili ambao tayari walikuwa wamelilipia jibu hilo.

2. Kisa chenyewe

Ilikuwa mwezi wa Aprili, masika yamekolea. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa ameleta gari lake, Beetle ya miaka ya 1960, akilalamika kwamba lilimzimikia njiani. Alikuwa ametoka Karatu alfajiri kwa njia ya Ngorongoro na Serengeti. Alipanda msitu hadi ukingo wa kreta, ambao uko karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, akakuta ukungu mzito. Mlima wenyewe aliumaliza bila taabu. Lakini alipofika juu na kuanza kwenda polepole kwa mguu mwepesi, injini ikapoteza nguvu, ikakohoa, ikazimika. Akasubiri yapata robo saa. Alipowasha tena ikawaka kana kwamba haijawahi kuugua, na mbele kidogo ikarudia yale yale. Alipoteremka kwenye mbuga za Serengeti maradhi yakaisha, na hayakuonekana tena hadi Bunda.

Fundi aliifungua kabureta mbele yake na mbele yetu. Ilikuwa kavu na safi.

"Mwalimu, hapa hapana kosa," akasema.

"Kosa lipo, fundi. Ila limejificha."

Tuliambiwa kwamba safari iliyotangulia nayo ilikuwa hivyo hivyo. Mara ile fundi alibadilisha pampu ya mafuta na kuosha tangi, na Mwalimu akalipa. Sasa Mwalimu alikuwa ameanza kushuku kwamba jeti za kabureta yake zimebadilishwa kwa siri, na fundi alikuwa ameanza kushuku kwamba Mwalimu anatafuta njia ya kurudishiwa fedha zake. Watu hao walikuwa wamejuana kwa miaka mingi. Siku ile walizungumza kwa kutupitia sisi wageni, kila mmoja akitueleza habari za mwenzake ilhali mwenzake amesimama pale pale.

Nyuma yao ukutani ilikuwapo karatasi tunayoihakiki, yenye kichwa kisemacho "Kuganda kwa Kabureta Wakati wa Kipupwe". Tulipoionyesha kwa kidole, Mwalimu akajibu, "Hiyo nimeisoma. Inasema kipupwe, na inasema theluji. Sasa ni masika, na theluji iko Kilimanjaro."

Kwa kuyafuata maneno ya karatasi jinsi yalivyoandikwa, Mwalimu alikuwa na haki ya kusema hivyo.

3. Jambo lilivyo

Kabla ya kuhukumu maneno, hapana budi kulieleza jambo lenyewe, maana mhakiki wa istilahi asiyelifahamu jambo huishia kuhukumu sauti za maneno tu.

Petroli igeukapo kuwa mvuke hufyonza joto kutoka katika kila kilicho karibu nayo. Mtu aliyepakwa spiriti mkononi kabla ya kudungwa sindano anaufahamu ubaridi huo, na mtungi wa udongo hupoza maji kwa kanuni iyo hiyo. Kilo moja ya petroli huhitaji joto lipatalo kilojuli 350 ili igeuke mvuke. Kwa kuwa kilo hiyo huchanganywa na hewa yenye uzito upatao kilo 15, hesabu huonyesha kwamba mchanganyiko huo waweza kupoa kwa nyuzi zaidi ya 20 za Selsiasi. Tena hewa ipitapo kwa kasi katika koo jembamba la kabureta hupoa kidogo zaidi. Basi hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 12, kama ile ya asubuhi ya ukungu ukingoni mwa kreta, yaweza kushuka chini ya sifuri ikiwa imo ndani ya chuma, huku dereva amevaa sweta tu.

Ili barafu ifanyike, baridi peke yake haitoshi. Hapana budi hewa iwe na maji. Hewa iliyoshiba mvuke kwenye nyuzi 10 hubeba gramu zipatazo 9 za maji katika kila mita moja ya ujazo, na kwenye nyuzi 20 hubeba gramu 17 hivi. Lakini kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri haifikishi hata gramu 2. Ndiyo sababu barafu ya kabureta hustawi zaidi katika ubaridi wa kadiri wenye ukungu au manyunyu kuliko katika baridi kali ya nchi za kaskazini, ambako hewa ni kavu.

Maji hayo hushika hasa pembezoni mwa kilango kile kinachofunguka dereva akanyagapo pedeli ya mafuta. Dereva akikanyaga sana, kilango huwa wazi, na barafu kidogo haizuii kitu. Akikanyaga kidogo, panabaki mwanya mwembamba, na utando mdogo tu wa barafu hutosha kuuziba. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Mwalimu, aliyepanda mlima salama akaja kuzimikiwa tambarare. Injini ikisha kuzimika, joto lililobaki ndani ya chuma hupanda likaiyeyusha barafu, na ushahidi wote hutoweka kabla fundi hajafika.

Injini ya Beetle haina maji ya kuipoza, kwa hiyo haina maji ya moto ya kuipasha kabureta. Kabureta yake imekaa katikati, nazo silinda ziko pande mbili, na mchanganyiko wa hewa na petroli husafiri kwenda huko katika bomba refu. Watengenezaji walilijua hilo, wakaweka njia mbili za kulikabili. Kwanza, bomba jembamba lipitishalo moshi wa moto wa ekzosi chini ya kabureta, likigusana na bomba la mchanganyiko. Pili, mpira uletao kwenye chujio la hewa ile hewa iliyokwisha kupashwa na silinda. Bomba la kwanza likizibwa na masizi, au mpira wa pili ukitupwa, injini hukosa kinga.

Tulipoinama pamoja na fundi chini ya gari la Mwalimu, tuliona kwamba ekzosi ilikuwa mpya. Ilichomelewa na mchomeleaji wa hapo mjini, na ile njia ya moshi iendayo kwenye bomba jembamba ilikuwa imezibwa kwa kipande cha bati.

4. Istilahi zilizotumika

Fundi alikuwa na nakala ya Kiingereza iliyofasiriwa, imekunjwa ndani ya kitabu chake cha risiti. Tuliweza basi kuzilinganisha nakala hizo mbili sentensi kwa sentensi. Tunataja hapa maneno sita.

(a) Kipupwe. Nakala ya asili iliandikwa kwa ajili ya Ulaya, ikataja majira ya baridi ya huko. Mfasiri akaweka kipupwe. Kwa upande wa kamusi hana lawama, kwani kipupwe ni majira yetu ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti. Lakini kipupwe cha Bunda ni kikavu, vumbi huruka na nyasi hukauka. Miezi ambayo hewa ya huko imeshiba maji ni ile ya masika na ya vuli, na miinuko ya Ngorongoro huweza kuwa na ukungu hata nje ya miezi hiyo. Kwa hiyo neno hili limemwambia dereva ajihadhari katika miezi isiyo na hatari kubwa kwao, na likamwachia ile yenye hatari. Hapa kosa la mfasiri ni kufasiri kalenda mahali palipotakiwa kufasiriwa hali ya hewa. Yafaa kusema wazi: "wakati wa ubaridi wenye ukungu, umande au manyunyu, mwezi wowote."

(b) Theluji. Karatasi hutumia theluji na barafu kana kwamba ni neno moja. Theluji ni ile iangukayo kutoka angani au ikaayo juu ya Kibo. Kile kishikacho ndani ya kabureta hakikuanguka kutoka popote, bali kimetokana na mvuke uliokuwamo hewani. Wako watakaosema kwamba neno halisi ni sakitu, ambalo kamusi zetu zimelihifadhi kwa maana ya umande ulioganda, au jalidi. Tulilifikiria pendekezo hilo kwa makini, kwa kuwa wakulima wa Makete na Mufindi hukiona kitu chenyewe mashambani mwao. Lakini tulipolitaja neno sakitu karakanani hakuna aliyelitambua, ilhali neno barafu lilitambuliwa na kila mtu. Tena barafu ya friji hufanana na jambo letu kuliko tulivyotazamia: kila mlango ufunguliwapo hewa yenye unyevu huingia na kushika kwenye bati baridi. Neno barafu lenyewe latokana na Kiajemi, ambako maana yake ni theluji, likabadili maana kwetu kwa mahitaji yetu. Tunapendekeza litumike barafu, na sakitu liachwe kwa wataalamu wa kilimo na wa hali ya hewa.

(c) Kuganda kwa kabureta. Neno kuganda lina kazi nyingi. Maziwa huganda, damu huganda, na mtu aliyeshikwa na woga huganda. Fundi akiambiwa kwamba chombo kimeganda huelewa kwamba vipande vyake vimeng'ang'aniana visiweze kutembea, akachukua nyundo ndogo au mafuta ya kulainisha. Kumbe kabureta yenyewe haikuganda, ila imegandiwa na kitu kingine. Kiswahili kina mnyambuliko unaolitenganisha jambo hili bila msaada wa lugha nyingine: barafu huganda, barafu huigandia kabureta, kabureta hugandiwa na barafu. Wengine wamewahi kupendekeza "ubarafishaji". Hatuliungi mkono neno hilo, kwa kuwa kiambishi chake cha kusababisha chaonyesha kuna mtu anayeifanya barafu kwa makusudi, kama mwenye kiwanda cha barafu.

(d) Vali ya hewa. Hili ni kosa zito zaidi kuliko yaliyotangulia. Kabureta ina vilango viwili. Kimoja kiko juu, nacho hufungwa wakati wa kuwasha injini iliyo baridi ili petroli izidi hewa. Mafundi wote hukiita choki. Cha pili kiko chini, nacho hutii pedeli ya mafuta. Mfasiri, kwa kuogopa neno la mkopo, aliviita vyote viwili "vali ya hewa". Matokeo yake ni kwamba sentensi moja yasema barafu hushika kwenye vali ya hewa, na sentensi ya pili yake yaonya kwamba vali ya hewa isifungwe injini ianzapo kukohoa. Msomaji hawezi kujua ni ipi. Katika magari ya zamani zaidi, ambayo choki yake huvutwa kwa mkono, dereva aliyechanganyikiwa huivuta, petroli ikazidi, plagi zikalowa, na injini ambayo ingewaka baada ya robo saa isiwake kabisa. Ni afadhali neno la mkopo linalojulikana kuliko neno safi linalotaja vitu viwili. Kwa kilango cha chini, ambacho mafundi hukitaja kwa majina mbalimbali, tunapendekeza "kilango cha mwendo".

(e) Kipandisha joto. Hapa ndipo kisa cha Manyamanyama kilipoanzia. Lile bomba jembamba la moshi wa moto lina jina la Kiingereza ambalo, likifasiriwa neno kwa neno, hutoa "kipandisha joto", na ndivyo mfasiri alivyofanya. Tulimwuliza fundi kwa nini aliikubali ekzosi isiyo na njia ya bomba hilo. Akajibu kwa unyofu, "Karatasi inakiita kipandisha joto. Nani anataka kipandisha joto kwenye injini ya hewa, na sisi tuko Bunda?"

Jibu hilo lina busara. Fundi anayefanya kazi penye jua kali hutumia maisha yake kupambana na injini zinazochemka. Aliposoma jina hilo aliona chombo cha nchi za baridi ambacho kwake ni madhara, akaridhika kukiacha. Jina lilimweleza kitendo bila kumweleza kinachotendewa. Joto la nani linapandishwa? Si la injini, bali la mchanganyiko ule uliopozwa na petroli. Lau karatasi ingesema "bomba la kupashia kabureta", hata mtu asiyesoma maelezo yanayofuata angeshuku kwamba kabureta ina haja ya kupashwa.

(f) Dawa ya kuzuia kuganda. Mwishoni karatasi yashauri kutia "dawa ya kuzuia kuganda" katika petroli. Nakala ya asili ilikusudia alkoholi ya namna maalumu itiwayo kwa kiasi kidogo ndani ya petroli. Lakini mafundi wetu hutumia maneno hayo hayo kwa maji ya rangi yatiwayo katika rejeta za magari mengine. Maji hayo hayachanganyiki na petroli. Yakimiminwa katika tangi huzama chini, yakanyonywa peke yake, na injini ikasimama. Tuliona chupa ya dawa hiyo ya rejeta rafuni, hatua mbili kutoka ilipobandikwa karatasi. Kwa bahati njema hakuna aliyekuwa amelifuata shauri hilo. Lililo salama zaidi ni kuliondoa kabisa, kwa kuwa gari ambalo bomba lake la kupashia na mpira wake wa hewa ya moto ni vizima kwa kawaida halina haja ya dawa.

Uhakiki wa haki hautaji makosa tu. Mfasiri huyu alifanya vema kuandika "injini inayopozwa kwa hewa" badala ya "injini ya hewa", ambayo wasio mafundi huidhania kuwa injini inayoendeshwa na upepo. Kadhalika aliliacha neno kabureta kama lilivyo, wala hakujaribu kulitungia jina jipya. Na sentensi zake ni fupi, jambo ambalo wengi wetu wenye ofisi hatuliwezi.

5. Mapendekezo

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu mwaka 1974 lilianza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu ili watumishi wa umma na wafasiri wawe na maneno ya pamoja. Kanuni iliyozoeleka katika kazi hiyo ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za jirani, ndipo kukopa. Kanuni hiyo ni njema. Twaongeza tu kwamba karakana nayo ni sehemu ya Kiswahili chenyewe. Neno choki limo vinywani mwa mafundi tangu babu zao, na halihitaji kibali chetu ili liwe la Kiswahili.

Kwa matini ya namna hii tunapendekeza maneno yafuatayo:

kugandiwa na barafu: hali ya chombo ambacho barafu imeshika juu yake au ndani yake kutokana na unyevu wa hewa.

mgandio wa barafu: jina la hali hiyo, likitofautishwa na mgando, ambao ni kitu kilichoganda chenyewe, kama maziwa.

koo la kabureta: sehemu nyembamba ambamo hewa huongeza kasi na petroli huingia.

kilango cha mwendo: kilango kinachotii pedeli ya mafuta.

choki: kilango cha juu cha kuwashia injini baridi.

bomba la kupashia kabureta: bomba lipitishalo moshi wa ekzosi kwa ajili ya kupasha joto kabureta na bomba la mchanganyiko.

mpira wa hewa ya moto: mpira uletao kwenye chujio hewa iliyopashwa na silinda.

Maneno hayo yakitumika, sehemu kuu ya karatasi yaweza kuandikwa hivi:

"Hewa ikiwa na ubaridi na unyevu mwingi, kabureta yaweza kugandiwa na barafu hata kama nje hakuna barafu yoyote. Dalili zake ni injini kupungua nguvu na kuzimika uendapo kwa mguu mwepesi, kisha kuwaka vizuri baada ya kupumzika. Usivute choki. Simama mahali salama, usubiri dakika 10 hadi 15. Ufikapo karakanani, fundi aangalie kama bomba la kupashia kabureta limezibwa na masizi au limekatwa, na kama mpira wa hewa ya moto upo mahali pake. Vitu hivyo viwili visiondolewe hata katika nchi ya joto."

Msomaji atatambua kwamba sehemu hiyo haina neno theluji wala jina la mwezi.

Wako watakaosema kwamba tumetumia wino mwingi kwa ajili ya magari machache. Tunawakumbusha kwamba ndege nyingi ndogo nazo hutumia kabureta, na mgandio huo huo huzipata. Marubani hufundishwa kuvuta mkono wa hewa ya moto kabla ya kupunguza nguvu za injini kwa ajili ya kuteremka, hata katika nchi za joto, kwa sababu barafu yaweza kushika hewa ya nje ikiwa na nyuzi 25. Rubani aliyezimikiwa angani hawezi kusimama kando ya njia kwa robo saa. Maneno yatakayozoeleka karakanani leo ndiyo yatakayochukuliwa na mwalimu wa marubani kesho, na kama "vali ya hewa" ina maana mbili huku, itakuwa na maana mbili huko.

6. Hitimisho

Katika ofisi zetu neno hupimwa kwa asili yake, kwa muundo wake na kwa urahisi wa kulitamka. Vipimo hivyo vyote ni vya haki. Kisa hiki chatuonyesha kipimo kingine tunachokisahau: msomaji akilisoma neno hili, mkono wake utaenda wapi? "Kipandisha joto" ni neno lenye muundo mzuri, na laweza kupita katika kikao chochote bila kupingwa. Lakini liliupeleka mkono wa fundi mwaminifu kwenye kipande cha bati, na likamfanya aonekane mwizi mbele ya rafiki yake.

Kabla hatujaondoka, fundi aliitoa ile bati, akaitobolea ekzosi njia yake, akalisafisha bomba la kupashia kwa waya mrefu. Masizi yaliyotoka yalijaa kopo la rangi. Hakudai malipo, na Mwalimu hakuzungumza tena habari za jeti. Aliomba karatasi tupu, akainakili kwa mkono wake ile sehemu tuliyoiandika upya, kwa mwandiko wa ubaoni, naye fundi akaibandika juu ya ile ya zamani.

Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi, wafasiri, na watumishi wa idara zinazotoa maelekezo kwa wananchi watuletee karatasi za namna hii zilizoko katika kuta zao, pamoja na maneno ambayo mafundi wenyewe hutumia badala ya yaliyoandikwa. Maoni juu ya "mgandio" na "kilango cha mwendo" nayo tutayapokea kwa shukrani, hasa kutoka kwa wale ambao wataeleza jinsi maneno hayo yalivyopokelewa yalipotamkwa mbele ya mtu aliyeshika spana.